Sola juu ya paa Texas: namna ya kuomba msamaha wa kodi ya nyumba kabla ya 30 Aprili

Ukifunga paneli za sola kwenye nyumba yako Texas, thamani ya nyumba hiyo inaweza kupandishwa kwenye daftari la kodi, sawa na mtu aliyeongeza chumba au kujenga baraza. Sheria ya kodi ya jimbo, kifungu cha 11.27, inasema thamani iliyoletwa na sola isitozwe kodi, na inaisamehe yote, si nusu wala robo. Ila haisameheki yenyewe. Mwenye nyumba lazima aombe, kwa fomu, ndani ya muda uliowekwa. Asiyeomba anaweza kutozwa kama wengine, na hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.

Aliyetoka Tanzania, alikozoea kodi ya jengo ikatwe kidogo kidogo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hushtuka akiona bili ya kwanza ya Houston au Fort Worth. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, wala jimbo lenyewe halitozi kodi ya nyumba. Wanaotoza ni mamlaka za mitaa: kaunti, jiji, wilaya ya shule, mara nyingi wilaya ya hospitali, na kwenye mitaa mipya ya pembezoni kuna wilaya ya maji yenye kiwango chake. Kila mmoja ana asilimia yake, na zote zinajumlishwa juu ya nyumba ile ile moja.

Msamaha unafanya nini hasa

Msamaha wa sola hauteremshi kodi unayolipa leo. Unazuia isipande kwa sababu ya sola. Tuseme nyumba yako ina thamani ya dola 280,000, na viwango vyote vya mtaa wako vikijumlishwa ni asilimia 2.1. Ofisi ikaona sola imeongeza dola 18,000. Bila msamaha utalipa dola 378 zaidi kila mwaka kwa ajili ya paneli peke yake, na kama hakuna kitakachobadilika, katika miaka 20 ni zaidi ya dola 7,500. Ukiwa na msamaha, zile 18,000 zinaondolewa na unabaki na kodi ya nyumba yako ya zamani. Kwa hiyo muuzaji akigonga mlango na kukwambia ukifunga sola kodi ya nyumba inakwisha, huyo anatafuta sahihi yako tu.

Kuna jambo jingine linalowapita wengi. Mwenye nyumba anayeishi humo na aliyeandikisha msamaha wa makazi, ule ambao hapa kila mtu anauita homestead, analindwa na sheria: thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Watu wanaishikilia hiyo asilimia 10 kama ngao ya kila kitu. Lakini ngao hiyo haikingi kilichojengwa kipya. Nyumba iliyokuwa 250,000 mwaka jana haitavuka 275,000 mwaka huu, sawa. Ila kitu kipya kilichoongezwa kinahesabiwa juu ya hapo. Sola ya 18,000 ikisomwa kuwa nyongeza mpya, unatozwa kwa 293,000. Kwa hiyo usiseme "mimi nina homestead, sihitaji fomu nyingine". Hizo ni fomu mbili tofauti, na kila moja inafanya kazi yake.

Na kama hujaandikisha homestead kabisa, anza na hiyo leo, hata kabla ya kuendelea kusoma habari za sola. Kwenye kodi ya shule peke yake inaondoa dola 140,000 za thamani, kiwango kilichopitishwa na wapiga kura Novemba 2025. Faida yake ni kubwa kuliko ya paneli. Anwani iliyo kwenye leseni yako ya udereva au kitambulisho cha Texas inatakiwa ilingane na ya nyumba. Wengi wetu tunahama tukasahau leseni, na maombi hukwama hapo.

Hatua ya kwanza: paneli ni za nani?

Fungua mkataba uangalie. Kuna njia tatu ambazo watu hupata sola, na majibu yake hayafanani.

Ukinunua kwa fedha taslimu, paneli ni zako na msamaha ni wako. Ukinunua kwa mkopo, bado ni zako, hata kama unadaiwa miaka 25. Mkopeshaji ana dai lake kwenye vifaa, lakini si mmiliki. Jaza fomu.

Ukikodi, au ukiwa na mkataba wa kulipia umeme unaozalishwa juu ya paa lako huku vifaa vikibaki mali ya kampuni, wewe si mwenye paneli. Sheria inampa msamaha mwenye kifaa hata kama nyumba si yake, kwa hiyo suala la kuomba ni la kampuni. Wewe kazi yako ni moja: kuhakikisha thamani ya paneli za watu haijaandikwa kwenye akaunti ya nyumba yako. Ukiiona imeandikwa, usijaze fomu ya msamaha. Pinga thamani, kwa hoja kwamba unatozwa kwa mali isiyo yako, na mkataba ndio ushahidi. Soma pia kipengele cha kodi kwenye mkataba huo, maana mikataba mingine inamtwika aliyekodi paneli, yaani wewe, kodi yoyote itakayotozwa juu ya vifaa. Kama ulisaini kwenye tableti mlangoni bila kupewa nakala, idai kwa maandishi kabla hujafanya lolote jingine.

Hatua ya pili: panga tarehe

Texas inatazama nyumba ilivyo tarehe 1 Januari. Sola iliyofungwa Machi 2026 haimo kwenye hesabu ya mwaka 2026. Itaanza kuonekana kwenye uthamini wa 2027, na maombi yake yanapelekwa kati ya 1 Januari na 30 Aprili 2027. Iliyofungwa Desemba inaingia mara moja mwezi unaofuata.

30 Aprili ndiyo siku ya mwisho. Ukiwa na sababu ya maana, kwa mfano ulikuwa umelazwa hospitali, mthamini mkuu wa kaunti anaweza kukuongezea muda kwa maandishi, mara moja tu, usiozidi siku 60. Usiitegemee hiyo. Msamaha wa homestead una mlango mpana wa kuomba kwa kuchelewa. Wa sola hauna ukarimu huo. Mimi ningepeleka Januari, wiki ileile ambayo watu wanakusanya karatasi za kodi ya mapato, kwa sababu karatasi za sola zinakuwa tayari mezani.

Hatua ya tatu: kusanya karatasi

Unahitaji ankara ya mwisho inayoonyesha bei ya mfumo mzima, mkataba unaoonyesha kwamba umenunua, kibali cha ujenzi kutoka jijini kama kilitolewa, na barua ya kampuni ya nyaya za umeme inayokuruhusu kuwasha. Kwa Houston kampuni ya nyaya ni CenterPoint, kwa Dallas na Fort Worth ni Oncor. Barua hiyo ina tarehe, na tarehe hiyo inamaliza ubishi wowote wa lini mfumo ulianza kazi. Piga na picha mbili tatu: paneli juu ya paa, inveta ukutani (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani), betri kama ipo.

Betri usiiache nje. Tafsiri ya kifaa cha sola katika kifungu cha 11.27 inahusu kugeuza nguvu ya jua kuwa joto, mwendo au umeme, na pia kuihifadhi na kuisambaza. Betri inayochajiwa na paneli zako ni sehemu ya mfumo. Hita ya maji ya sola nayo imo. Jenereta ya gesi iliyofungwa pembeni haimo, hata kama fundi aliiweka kwenye ankara moja, kwa hiyo mwombe akutenganishie bei. Matengenezo ya paa pia yatenganishwe. Wengi hubadilisha vigae vya paa siku ileile ya kufunga paneli, na ankara inatoka na jumla moja. Paa jipya si kifaa cha sola.

Hatua ya nne: nenda ofisi sahihi

Hapa watu wanapotea. Kuna ofisi mbili. Moja inapanga thamani ya nyumba na kutoa misamaha. Nyingine inatuma bili na kupokea fedha. Fomu ya sola inakwenda kwa ile ya kwanza, ofisi ya uthamini ya kaunti ambako nyumba iko. Houston na vitongoji vyake vingi ni Harris Central Appraisal District. Sugar Land na sehemu kubwa ya Richmond wako Fort Bend. Dallas ina Dallas Central Appraisal District, Fort Worth na Arlington ni Tarrant Appraisal District, Austin ni Travis, San Antonio ni Bexar. Anwani ya posta isikudanganye: kuna nyumba zenye anwani ya Houston ambazo ziko Fort Bend. Andika anwani yako kwenye tovuti ya ofisi husika. Nyumba isipotokea, uko kaunti ya jirani.

Nyumba ikitokea, nakili namba ya akaunti na maelezo ya kisheria ya kiwanja, yale yenye namba ya kitalu na jina la mradi. Hapo hapo utaona misamaha uliyonayo tayari. Ni nafasi nzuri ya kukagua kama homestead yako ilipita kweli.

Hatua ya tano: jaza fomu 50-123

Fomu ni moja kwa jimbo zima, inatolewa na ofisi ya mkaguzi wa fedha za jimbo, na ni bure. Ukipokea barua yenye nembo inayofanana na ya serikali ikikutaka ulipie huduma ya kujaza fomu ya msamaha, itupe. Barua za namna hiyo zinasambazwa sana kwa wenye nyumba wapya.

Kiingereza chake si kigumu, na katika nyumba nyingi za Waswahili anayejaza ni mtoto aliyesoma hapa. Hakuna ubaya, lakini kaa naye mezani, kwa sababu anayesaini ni wewe, na maelezo ya uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati ya nyumba. Majina yetu huandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu: jina la babu linakuja mbele, la kati linaachwa, Juma anakuwa Jumaa. Fungua hati, nakili herufi kwa herufi. Kama hati ina majina ya mke na mume, waandike wote wawili.

Sehemu ya kuwa makini ni ile inayouliza kama kifaa ni hasa kwa ajili ya kuzalisha na kusambaza nishati ya kutumika hapo hapo nyumbani. Ndilo sharti la sheria. Kuuza umeme unaobaki kwa kampuni yako ya umeme hakukuondolei sifa, mradi lengo kuu liwe matumizi ya nyumba. Mfumo wa kawaida wa paa la nyumba unapita bila shida. Mwenye ekari kadhaa aliyejaza uwanja paneli kwa biashara ya kuuza umeme hadithi yake ni nyingine.

Kwenye maelezo ya kifaa usiandike "sola" ukaishia hapo. Andika idadi ya paneli, ukubwa wa mfumo kwa kilowati, aina ya inveta, betri na ujazo wake, tarehe ya kuwashwa, na gharama. Mfano: paneli 22 juu ya paa la nyumba, mfumo wa kilowati 8.8, betri moja, zimewashwa 14 Oktoba 2025, umeme kwa matumizi ya nyumba. Ukishamaliza ambatisha nakala. Hati halisi baki nazo.

Hatua ya sita: peleka, na shika ushahidi

Ofisi kubwa zinapokea mtandaoni, kwa posta au kwa mkono. Kwa mtandao, piga picha ukurasa wa uthibitisho. Kwa posta, tuma kwa barua ya kusajiliwa. Kwa mkono, omba mhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Ofisi ikihitaji maelezo zaidi itakuandikia, na una siku 30 za kujibu. Ukinyamaza maombi yanakataliwa. Barua hiyo huja kwa posta ya kawaida, katikati ya matangazo ya pizza na bima, kwa hiyo kuanzia Februari usitupe kitu bila kufungua.

Msamaha ukikubaliwa huombi tena kila mwaka, isipokuwa ofisi yenyewe ikutake uombe upya. Ukiziondoa paneli ni wajibu wako kuwajulisha.

Hatua ya saba: soma notisi ya thamani

Kati ya Aprili na Mei utapata notisi ya thamani. Si bili, ingawa inatisha kama bili. Ina mstari wa ardhi, mstari wa majengo, jumla, halafu thamani ya kodi baada ya misamaha kwa kila mamlaka. Weka ya mwaka jana pembeni yake. Ikiwa mstari wa majengo umeruka ghafla na hukujenga kitu zaidi ya sola, uliza ni kiasi gani cha nyongeza kinatokana na paneli. Ikiwa wameongeza 18,000 na msamaha unaonyesha 9,000, kuna kosa.

Huenda pia ukakuta hawajaongeza chochote kwa ajili ya sola, na msamaha ukasomeka sifuri. Hilo ni la kawaida. Hawakukuhesabia, basi hakuna cha kukuondolea. Wengine husema kwa nini basi nijaze fomu na kujipeleka mwenyewe? Kibali cha ujenzi na mkataba wa kuunganishwa kwenye nyaya tayari vipo kwenye kumbukumbu za watu. Fomu ikiwa imeshapita, siku watakapokuongezea msamaha uko tayari. Ikiwa haijapita, utakuwa unakimbizana na Aprili.

Kama hukubaliani

Siku ya mwisho ya kupinga ni 15 Mei, au siku 30 tangu notisi itumwe, ile itakayokuja baadaye. Fomu ya kupinga ni 50-132. Ina visanduku vya sababu. Weka alama kwenye kinachohusu msamaha kukataliwa, na pia kile cha thamani kuwa juu ya bei ya soko. Ukiacha kisanduku, hoja hiyo unaweza kunyimwa nafasi ya kuisema baadaye.

Kabla ya kikao rasmi ofisi nyingi zinakubali mazungumzo ya kawaida na mthamini, na mambo mengi ya sola yanaishia hapo, kwa sababu ni suala la karatasi kuliko ubishi. Likishindikana linakwenda kwenye bodi ya mapitio, ambayo ni ya raia. Una haki ya kuomba ushahidi wa ofisi, nao wanapaswa kukupa siku 14 kabla ya kikao. Uombe kila mara. Ukiogopa kuzungumza mbele ya bodi, kuna kushiriki kwa simu, kuna kutuma kiapo cha maandishi, na kuna fomu 50-162 ya kumteua mtu akuwakilishe. Ndugu asiyelipwa anaweza kukusimamia. Anayetoza ada kwa kazi hiyo kwa kawaida anatakiwa awe amesajiliwa na jimbo, kwa hiyo mwombe namba yake ya usajili kabla ya kumpa hata dola moja.

Bili

Bili hutoka Oktoba au Novemba na mwisho wa kulipa ni 31 Januari. Februari ikiingia kuna adhabu ya asilimia 6 na riba ya asilimia 1, na kila mwezi inaongezeka mpaka Julai inapofika asilimia 18 kabla ya gharama za wanasheria wa kukusanya. Kama benki ya mkopo wa nyumba ndiyo inakulipia kodi kutoka kwenye malipo yako ya mwezi, hakikisha imepata takwimu mpya. Msamaha uliopita mwezi Mei hausaidii kitu kama benki inaendelea kukukata kwa makadirio ya zamani. Wapelekee nakala na uombe wapige hesabu upya.

Usichanganye haya yote na nafuu ya serikali kuu ya asilimia 30 kwenye kodi ya mapato. Ile ilikuwa kitu kingine, inaombwa kwa fomu 5695, na kwa mwenye nyumba anayenunua sola yake imefungwa kwa mifumo iliyokamilika baada ya 31 Desemba 2025. Msamaha wa Texas haukuguswa. Muuzaji anayeendelea kuweka hiyo asilimia 30 kwenye hesabu ya bei ya mfumo mpya wa kununua, mwambie akuandikie na asaini. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Ukiuza nyumba msamaha hauendi na ufunguo. Mnunuzi anaomba wake kwa jina lake. Ukinunua nyumba yenye sola tayari, omba karatasi za mfumo siku ya kukabidhiana, kwa sababu mwenye nyumba akishahama humpati tena.

Kwa walio majimbo mengine

Arizona haina haja ya haya yote. Sheria yake inahesabu vifaa vya sola vya nyumbani kuwa havina thamani ya kodi. Iowa, walipo ndugu zetu wengi wa Kongo, sola haiongezi thamani kwa miaka 5 kamili ya uthamini. New York inatoa miaka 15 kwa fomu RP-487, lakini mji au wilaya ya shule inaweza kujitoa kwenye mpango, kwa hiyo uliza kwa mthamini wa mji wako kabla ya kusaini mkataba. California haihesabu sola kuwa ujenzi mpya, ila nyumba ikiuzwa inathaminiwa upya.